Shuka Nyeupe na Nyuso za Wazee Wetu



Tulipomzika mzee mmoja wa kanisa hapa Kalemie, picha tuliyoweka juu ya jeneza haikuonyesha macho yake. Ilipigwa asubuhi, amekaa mgongo ukielekea dirisha la upande wa ziwa. Simu ikapima mwanga wa nyuma yake, uso ukabaki giza.

Hatuhitaji vyombo vya studio. Geuza kiti, mwanga wa dirisha umfikie mzee kwa ubavuni. Tundika shuka nyeupe dirishani: jua kali hutawanyika, na dirisha lote huwa taa moja kubwa. Taa kubwa iliyo karibu hulainisha vivuli. Taa ndogo iliyo mbali huvifanya vikali. Upande wenye giza, simamisha katoni iliyovikwa kitambaa cheupe, irudishe mwanga shavuni.

Usiku, elekeza ampuli kwenye ukuta mweupe, si usoni. Ukiweka kitambaa mbele yake, kisiiguse: ampuli za zamani hupata moto sana, zinaweza kuunguza nyumba.

Vijana wa kwaya, Jumapili baada ya ibada leteni simu na shuka. Tuanze na mama wajane, wangali pamoja nasi.