Pikipiki Ikikataa Kuwaka: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kumwita Fundi

Pikipiki siku hizi ni chombo cha shamba kama jembe na panga. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT katika pikipiki zenye injini ndogo, na tangu hapo zimeenea mpaka ndani kabisa ya skimu zetu. Hapa Kaplong, ambapo barabara ya Bomet hukutana na ile ya Kericho na Sotik, huonekana tangu alfajiri zikichukua mikebe ya maziwa, magunia ya mbolea, na wagonjwa wanaopelekwa hospitali.

Lakini yapasa mwenye chombo akijue chombo chake. Maziwa ya asubuhi hayangoji. Majani ya chai nayo yakikaa yameshindiliwa katika gunia hupata joto na kugeuka rangi, na karani wa kituo huyakataa. Kwa hiyo pikipiki ikikataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, hasara yako si malipo ya fundi peke yake, bali ni mavuno ya siku nzima.

Ndugu mkulima, usikimbilie spana. Jiulize kwanza swali moja: je, injini inazunguka au haizunguki? Haya ni magonjwa mawili mbalimbali. Injini isiyozunguka ukibonyeza stata, mara nyingi imekosa nguvu ya umeme. Injini inayozunguka lakini haiwaki, imekosa petroli, cheche, hewa au mgandamizo. Mtu anayefungua kabureta huku ugonjwa uko katika betri hupoteza asubuhi yake, na pengine huharibu kilichokuwa kizima.

KABLA YA YOTE

Tazama mambo haya madogo, maana mara nyingi kosa liko hapa:

1. Swichi nyekundu ya kuzima injini, iliyo kwenye usukani, iwe mahali pa kuwasha. Watoto hupenda kuichezea.
2. Koki ya petroli iwe wazi. Petroli ikiwa kidogo, igeuze upande wa akiba.
3. Gia iwe huru, na taa yake ya kijani iwake. Shika klachi. Pikipiki nyingine hazikubali kuwaka stendi ya pembeni ikiwa chini.

IWAPO INJINI HAIZUNGUKI

Fungua ufunguo, upige honi. Honi ikilia kwa unyonge, au taa zikififia unapobonyeza stata na kusikika ta-ta-ta, betri haina nguvu au vichwa vyake vimeshika kutu. Betri nzima ya volti 12, ikipumzika, hupimwa volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12, yahitaji chaji.

Kusafisha vichwa vya betri, fungua kwanza waya wa upande wenye alama ya kutoa (−), na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Sugua mpaka chuma king'ae, kaza barabara, kisha paka grisi kidogo. Betri ya kuongezwa maji iongezwe maji yaliyosafishwa ya betri tu, wala si ya mtoni.

Ikiwa honi na taa hazionyeshi uhai hata kidogo, tazama fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Usifunge waya mahali pake, maana moto waweza kuanzia hapo. Ikiwa taa zina nguvu lakini stata iko kimya, kosa laweza kuwa katika kibonyezo, swichi ya klachi au rilei. Hilo ni la fundi.

Pikipiki nyingi zina kiki pia. Ikiwaka kwa kiki, peleka maziwa kwanza, ndipo ushughulikie betri. Lakini kiki yenyewe ikigoma kushuka kabisa, acha mara moja. Usilazimishe wala usivutwe kwa kamba. Pima oili, kisha mwite fundi, maana huenda injini imekwama.

IWAPO INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Anza na petroli. Fungua kifuniko cha tangi utazame kwa macho, wala usiamini geji peke yake. Na usitumie kiberiti wala sigara karibu. Jaribu kuwasha kifuniko kikiwa kimelegezwa. Ikiwaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Asubuhi ya baridi, vuta choki na usizungushe mkono wa mafuta ovyo. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa: rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki mara kadhaa.

Wakati wa mvua, shuku maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya bakuli la kabureta. Injini ikiwa baridi, legeza skrubu ya chini na kukinga kwa chupa. Maji yatajitenga chini ya petroli nawe utayaona.

Sasa fungua plagi. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi ya masizi yaonyesha petroli imezidi hewa; safisha plagi, kisha tazama chujio la hewa, ambalo huziba kwa vumbi la murram. Plagi iliyolowa petroli huenda haina cheche. Kuipima, funga koki, ziba tundu la plagi kwa kitambaa, rudisha plagi katika kofia yake, na uiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu. Shika kofia tu, wala si chuma, kisha mwenzako apige kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikikosekana, kausha kofia na waya, kisha jaribu plagi mpya. Isipopatikana tena, kosa liko ndani ya umeme, nako ni kazi ya fundi.

Mwisho, ikiwa kiki imekuwa nyepesi kuliko kawaida, mgandamizo umepungua na valvu zapaswa kupimwa. Hilo pia usijaribu mwenyewe.

VITU VYA KUWEKA CHINI YA KITI

Weka plagi moja mpya ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, spana ya plagi, fyuzi mbili na kitambaa kikavu. Vitu hivi ni vidogo, lakini vyaweza kuokoa mkebe mzima wa maziwa. Ukimwita fundi, mweleze ulichotazama na ulichokiona, ili asianze upya kwa gharama yako.