Mstari mwekundu chini ya Gendabi: kuweka kikagua tahajia kwenye kompyuta ya kikundi

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Gendabi, wilayani Hanang, ametuletea swali ambalo tuliahidi hewani kulijibu kwa maandishi, maana majina ya programu hayashikiki ukiyasikia redioni tu. Kikundi kimenunua kompyuta ya mkononi iliyotumika. Haina Word. Mihtasari anaiandika kwenye Notepad, ile programu nyeupe isiyo na mapambo yoyote, kisha anaipeleka Katesh kwenye flashi ili ichapwe. Safari ya mwisho benki ilimrudisha: jina la mweka hazina kwenye muhtasari halikulingana na la kitambulisho cha NIDA. Herufi moja tu imepungua. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na fedha za wanachama zimebaki zinasubiri.

Anauliza: programu nyepesi kama hii inaweza kuongezewa kitu cha kuonyesha makosa, au ni lazima wanunue ile kubwa?

Inaweza, tena bila kununua. Ila kitu hicho jinsi kinavyokuja kutoka kwa watengenezaji kisingelimsaidia kwenye jina lile. Inabidi kwanza afundishe.

Kinaitwa kikagua tahajia. Tahajia ni namna neno linavyoandikwa herufi kwa herufi. Kikagua kinachukua kila neno uliloandika na kulitafuta kwenye orodha yake. Kisipolikuta, kinalipigia mstari mwekundu. Basi. Maana hakiijui. Hakijui kama unazungumzia mbuzi au mkopo.

Kwa Kiingereza orodha ya maneno inafika mbali. Kiswahili kinasumbua kwa sababu ya vitenzi vyetu. Chukua "soma". Una nafsi 6, na ukitumia nyakati 4 tu, yaani -na-, -li-, -ta- na -me-, tayari umepata maumbo 24: ninasoma, ulisoma, watasoma na kuendelea. Chomeka anayetendewa katikati, kama "nilimsomea" na "watatusomea", na maumbo yanapita mia. Hapo hatujakanusha, hatujaingia kwenye ngeli za vitu, wala hatujagusa kusomesha na kusomeshwa. Nani ataorodhesha yote hayo?

Ndiyo maana vikagua vya siku hizi vinatumia mafaili mawili: moja la maneno, jingine la kanuni za kuyaunganisha na viambishi. Injini maarufu ya kazi hii ni Hunspell, iliyotengenezwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha nyingine inayopenda kuambatanisha vipande vya maneno. Ni ya bure, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya LibreOffice na Firefox. Kwa upande wa Kiswahili, kazi ya orodha ya maneno ilifanywa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hata hivyo orodha haimalizi maumbo yote, kwa hiyo usishangae kitenzi kirefu kilicho sahihi kikapigiwa mstari.

Sasa tufike kwenye kompyuta ya katibu. Notepad ilikaa miaka mingi bila kikagua chochote; Microsoft iliiwekea mwaka 2024, na ni kwa wenye Windows 11. Kompyuta nyingi zilizotumika tunazoziona huku ni za zamani kuliko hapo. Kwa hizo, weka Notepad++, ambayo ni ya bure na nyepesi. Ukiifungua, nenda kwenye menyu ya Plugins, kisha Plugins Admin, tafuta DSpellCheck uiweke tiki na kuiingiza. Kwenye mipangilio yake chagua lugha ya Kiswahili. Isipoonekana, tafuta mafaili mawili, sw_TZ.aff na sw_TZ.dic, uyanakili kwenye folda ya kamusi inayoonyeshwa hapo hapo kwenye mipangilio. Kazi hii inahitaji intaneti mara moja tu. Baada ya hapo hutumii bando. Anayeogopa gharama amwombe kijana wa steshenari amwekee kwenye flashi.

Turudi kwenye jina la mweka hazina.

Ukimaliza kuweka kikagua, andika "Gendabi". Usishangae kikiwekewa mstari. Andika Dongobesh, Endasak, Balangida. Andika majina ya Kiiraqw kama Hhando na Qorro, au ya Kidatooga yanayoanza na Gida- na Uda-. Ukurasa unaweza kuwa mwekundu kama pilipili, na wewe hujakosea hata neno moja. Tena kikagua hupendekeza neno lililo karibu kwa kupunguza, kuongeza au kubadilisha herufi. Jina Slaa ukiliondolea herufi moja linabaki "saa". Ukibofya bila kuangalia, umembatiza mtu upya.

Kuna kisanduku cha kukiambia kisiguse maneno yanayoanza na herufi kubwa. Kinapunguza kero, lakini sisi hatukipendi, kwa sababu majina ndiyo hasa tunayotaka yaangaliwe. Afadhali hivi: kaa na wanachama siku moja, kila mtu na kitambulisho chake, andika majina yao yote jinsi yalivyo kwenye kadi, kisha moja baada ya jingine uyaongeze kwenye kamusi yako binafsi. Kuanzia siku hiyo ukiandika Hando mahali pa Hhando, mstari utatokea. Usiandike kwa kukumbuka. Jina bovu likishaingia kwenye kamusi, kikagua kitalipitisha miaka yote. Na kama kikundi kina Hando na Hhando wote wawili, hapo ni macho yako.

Macho yanahitajika pia kwa makosa yasiyo na mstari. "Wanachama walipiga kula" inapita, maana kula ni neno. "Mahali" na "mahari" yote yanapita, na wengi wetu tunazichanganya l na r hata tukiongea. La kutisha zaidi ni silabi moja: "wanachama watalipa faini" na "wanachama hawatalipa faini". Zote ni safi kwa kikagua. Kwa mwenye kudaiwa ni mbuzi mzima.

Wanaoandikia simu wana hatari nyingine, kwa sababu simu hubadilisha neno yenyewe kabla hujaona. Ukitumia kibodi ya Gboard, ongeza Kiswahili kwenye lugha zake na uzime kusahihisha kwa otomatiki; iache ipendekeze tu.

Katibu, muhtasari ukiwa tayari, kabla ya kwenda Katesh, mpe mtu mwingine ausome kwa sauti mbele ya mweka hazina, kitambulisho kikiwa mezani.