Shaba yapitishwa motoni, rangi zajitokeza

Je, umewahi kulitazama kwa makini bomba la moshi la pikipiki ya bodaboda? Pale linapoungana na injini huwa lina mabaka ya rangi ya dhahabu, zambarau na samawati. Hakuna aliyelipaka rangi. Ni joto tu lililofanya kazi hiyo. Joto hilo hilo linaweza kuugeuza waya wa shaba nyekundu ukawa bangili ambayo jirani atakuuliza uliinunua wapi.

Twaileta habari hii Taita Taveta kwa sababu huko ndiko yaliko mawe. Tsavorite, jiwe la kijani la jamii ya ganeti, lilipatikana kwanza Tanzania mwaka wa 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, ambaye baadaye alilipata pia upande wa Taita. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina hilo kutokana na mbuga ya Tsavo. Lakini mengi ya mawe ya huko yameondoka Voi yakiwa ghafi, na faida ya kuyakata na kuyatengeneza ikaenda nayo. Vipande vidogo ambavyo mnunuzi mkubwa havitamani vyaweza kukaa vizuri katika shaba, na kijana wa Voi hahitaji dhahabu ili aanze kazi.

Waya wenyewe si mgeni huko. Hata kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, misafara ya biashara ilipitia Taita na Taveta ikiwa imebeba nguo, shanga na nyaya. Joseph Thomson alipopita mwaka wa 1883 akielekea Umasaini alikuwa na mizigo ya aina hiyo, kwani wenyeji wa bara waliithamini kama pesa.

Sasa tuje motoni. Shaba ikipashwa joto hushikana na oksijeni iliyo hewani, na juu yake hujengeka utando mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Mwanga hurudishwa na uso wa juu wa utando huo na pia na shaba iliyo chini yake. Miale hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi huuana na nyingine hupata nguvu. Ndivyo pia mafuta ya dizeli yaliyomwagika kwenye dimbwi yanavyoonekana kama upinde wa mvua. Utando ukiongezeka unene, rangi hubadilika: kwanza kahawia na chungwa, kisha nyekundu ya waridi, zambarau, samawati, halafu hung'aa kama fedha. Ukizidi kuchoma, shaba huwa nyeusi na umepoteza kazi yako yote.

Kwa hivyo mwanzo ni usafi. Isugue shaba kwa msasa laini, ioshe kwa ndimu na chumvi, isuuze kwa maji, ikaushe, na usiiguse tena kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huacha alama motoni. Ishike kwa koleo. Ndimi za kichomeo cha gesi zipitishe kwa mbali, ukizisogeza daima, na ufanyie kazi kwenye kivuli ili uone rangi zinavyokuja. Ondoa moto kabla rangi unayoitaka haijafika, maana joto lililobaki ndani ya shaba litaendelea kuisukuma mbele. Ukiona shaba imeanza kuwa nyekundu kama kaa, umechelewa. Wanafunzi wengi huharibu hapa kwa kukosa subira. Jambo la kufurahisha ni kwamba ukikosea unaisugua tu na kuanza upya.

Fanya kazi hii nje au penye hewa nyingi, mbali na watoto, na kamwe usichome waya ukiwa bado na plastiki yake: moshi wake ni sumu. Uepuke pia shaba ya manjano, kwani ndani yake mna zinki, na mvuke wa zinki humpa mtu homa.

Na waya huo umeupata wapi? Swali hili ni zito. Shaba ya transfoma na ya nyaya za simu huibwa, na mtaa mzima hubaki gizani. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Mwezi wa Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kukosa stima, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Kwa mtu wa bangili, mita chache za waya mpya kutoka duka la vifaa vya umeme, pamoja na risiti yake, zatosha kabisa. Usinunue kwa mtu anayekunong'onezea bei.

Jiwe hutiwa mwisho kabisa, shaba ikiwa imepoa, kwani ganeti yaweza kupasuka kwa joto la ghafla. Pale Merelani, Tanzania, mambo ni kinyume: tanzanite nyingi huchimbwa zikiwa kahawia, na moto ndio unaozipa rangi ya samawati. Tsavorite haihitaji msaada huo.

Mwishowe paka vanishi nyepesi au nta, la sivyo jasho litazifuta rangi hizo na kuacha kijani mkononi. Pete husuguliwa mno na rangi zake hazidumu. Anza na hereni.