Gari lililoshushwa na tairi za ubavu mfupi: piga hesabu kabla ya urembo

Barabara ya A8 huanzia kwetu Mombasa, ikapanda hadi Nairobi, ikaingia Waiyaki Way, ikapita Kangemi na kuendelea mpaka Malaba. Magari yanayoteremshwa bandarini kutoka Japani huifuata njia hiyo hiyo. Na vijana wetu wa Pwani waliokwenda bara kutafuta riziki huifuata vile vile. Wako wanaokaa Kangemi na kuendesha teksi za simu Westlands na mjini.

Siku hizi wengi wao wameingia katika mtindo wa kushusha gari. Springi fupi zinatiwa, bodi inakaribia chini, kisha inatafutwa tairi ya ubavu mfupi ili gari likae sawasawa machoni. Sina ugomvi na urembo. Sisi watu wa Pwani ndio tuliochonga milango na kutia nakshi majahazi. Lakini wazee walisema vyaelea, vyaundwa. Jahazi lenye nakshi na lisilo na kalafati halifiki. Gari nalo ni hivyo hivyo, na hasa gari linalobeba abiria, kwa sababu roho ya mtu ni amana.

Tuanze na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, maana siri yote iko hapo. Chukua saizi inayovaliwa na Toyota Premio na magari mengi ya aina yake: 195/65 R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, na si milimita bali ni asilimia ya ule upana. Kwa hivyo ubavu wake ni asilimia 65 ya 195, yaani karibu milimita 127. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Namba 91 ni ya mzigo: tairi moja inabeba kilo 615. Herufi H ni mwendo: haifai kuzidi kilomita 210 kwa saa.

Sasa pima gurudumu zima kutoka juu hadi chini. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ongeza ubavu wa juu na wa chini, unapata karibu milimita 634. Namba hii iandike mahali. Ndiyo iliyotumiwa kiwandani kupangia spidomita na gia, na ndiyo inayokupa nafasi kati ya chini ya injini na ardhi.

Kosa linalofanyika sana ni kubakisha rimu ile ile ya 15 na kutia tairi fupi, tuseme 195/50 R15, kwa sababu ni rahisi na hununui rimu mpya. Hesabu yake ni hii. Ubavu unashuka hadi milimita 97 na nusu. Gurudumu zima linakuwa milimita 576. Gari lote linashuka karibu sentimita 3 zaidi, mbali na zile ulizoshusha kwa springi. Ikiwa springi zilishusha sentimita 4, umepoteza 7, na saluni nyingi huacha takriban sentimita 15 tu kutoka ardhini. Zilizobaki haziwezi kuvuka tuta likiwa na watu watano ndani bila sampu au eksosi kukwaruza.

Na si hilo tu. Spidomita itasema 100 ilhali mwendo wako wa kweli ni 91. Injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na mafuta yataliwa. Baya kuliko yote ni mzigo. Tairi ya saizi hiyo mara nyingi huandikwa 82, yaani kilo 475. Umepunguza kilo 140 kwa kila gurudumu, kilo 560 kwa gari zima, na gari lenyewe halikupungua uzito hata kidogo.

Njia sahihi ni kuongeza rimu kadiri unavyopunguza ubavu, gurudumu zima libaki lile lile. Badala ya 195/65 R15, tairi ya 205/55 R16 inakupa gurudumu la milimita 632. Tofauti ni milimita mbili hivi, na ubavu ni karibu 113. Ukitaka kwenda mbele zaidi, 225/45 R17 inatoa milimita 634, ila ubavu umebaki 101. Zote mbili hupatikana zikiwa na namba 91 ya mzigo. Namba isiwe chini ya ile ya kiwandani; ikiwa juu, hakuna neno.

Je, uchague ipi kati ya hizo mbili? Hapa ndipo ninapotaka vijana wetu wanisikilize. Usichague tairi kwa barabara nzuri unayoipenda. Chagua kwa barabara mbaya unayopita kila siku. Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni kilomita 27 laini kama sakafu. Lakini gari halilali pale. Linalala Kangemi, ndani kwenye vichochoro vya mawe, mashimo na mitaro. Ubavu wa tairi ndio godoro la rimu. Ukiingia shimoni na ubavu mfupi, rimu inaibana tairi kwenye ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinakatika, na ubavu unatoa uvimbe kama jipu. Uvimbe huo hauzibwi na fundi yeyote wa pancha. Tairi hiyo ni ya kutupwa, kwani inaweza kupasuka wakati wowote. Kwa anayekaa Kangemi na kutafuta riziki kwa gari, 16 inatosha. 17 ni ya mwenye barabara ya lami hadi mlangoni.

Kabla ya kulipa, angalia mambo haya. Rimu mpya iwe na idadi ya nati na nafasi kati yake sawa na ya gari lako, isiyotokeza nje ikala madgadi. Ijaribu: jaza watu watano, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, vuka tuta polepole. Ukisikia mkwaruzo, usichukue. Tafuta ubavuni namba nne za tarehe: 1421 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2021. Ikiwa ni mtumba, pitisha mkono ndani ya tairi utafute viraka na nyufa. Baada ya kushusha gari, fanya alaimenti, la sivyo tairi italika upande mmoja wa ndani usikoona.

Upepo nao usiufanyie mzaha. Tairi fupi ina hewa kidogo ndani, na ikipungua kidogo tu rimu inabaki bila kinga. Fuata kibandiko cha mlango wa dereva. 220 kPa ni sawa na 32 kwenye mita ya fundi. Ukibadilisha saizi ya tairi, muulize muuzaji upepo wa tairi ile mpya. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, na pima tena kabla ya kushuka Mombasa kwa Idi na familia. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hupata moto kwa safari ndefu, na joto la Mtito Andei halisamehe.

Urembo ni halali yako, ndugu yangu. Lakini abiria aliyekaa nyuma hakuichagua tairi ile. Amekuamini wewe.