Mtoto Asiyeshika Masomo: Wazazi Wana Hofu Gani?

Mpuguso, jirani na mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, panajulikana kwa chuo chake cha ualimu. Hata hivyo, kuishi karibu na chuo hakumwondolei mzazi wasiwasi pale mwanawe anapofika darasa la tatu bila kujua kusoma.

Hofu ya kwanza ni jina. Mzazi anaogopa kwamba mtoto akipelekwa kitengo cha elimu maalumu ataitwa taahira maisha yake yote. Ya pili ni umbali. Si kila shule ina kitengo, na mtoto asiyeweza kujieleza haachwi atembee peke yake katika utelezi wa mvua za Rungwe. Mama huacha shamba ili amsindikize. Ya tatu ni kesho yake: je, ataweza kujitegemea?

Ni vema tutofautishe. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huchelewa katika mambo mengi, kama kuongea, kuvaa na kuhesabu. Mwenye ugumu wa kujifunza anaweza kuwa hodari katika mengine, lakini herufi humchanganya. Mwingine haoni ubao vizuri, au hasikii. Wote wakiitwa "wazito", hakuna atakayepata msaada unaomfaa. Kwa hiyo tuanze kwa kupima macho na masikio, kisha mwalimu mwenye ujuzi wa elimu maalumu amchunguze mtoto.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake, na kupewa huduma za kumsaidia. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Lakini sare, madaftari na nauli bado ni mzigo wa mzazi.

Hapo ndipo kamati za parokia zinapohitajika. Mkitembelea familia, msianze kwa kuuliza kwa nini mtoto amefichwa ndani. Msikilizeni mama kwanza, kisha msindikizeni hospitali na kwa mwalimu mkuu. Nanyi wafadhili wetu, mnapofikiria madarasa, kumbukeni na nauli, maana darasa zuri halimsaidii mtoto asiyeweza kulifikia.

Mtoto aliyejifunza kuvaa mwenyewe, kusalimia wageni na kuhesabu fedha za maziwa ameshapiga hatua kubwa. Tusimpime kwa mtihani peke yake.