Hekalu Kongwe Lenye Rangi Mbichi

Hekalu la Sri Mariamman, katika barabara ya South Bridge nchini Singapore, lilianzishwa mwaka 1827. Hata hivyo sanamu za mnara wake zina rangi mbichi, kama zilizopakwa juzi. Ukongwe wake basi uko wapi?

Tuanze na maji. Naraina Pillai, mhamiaji wa Kihindi aliyefika kutoka Penang mwaka 1819, alipewa kwanza kiwanja cha hekalu huko Telok Ayer. Ibada huhitaji maji yasiyo ya chumvi ya kuogeshea sanamu, na pale hayakutosha. Kiwanja cha pili kiligongana na mpango wa mji wa 1822. Cha tatu, hiki cha South Bridge, kikapatikana 1823, na mwaka 1827 likasimama jengo la mbao na makuti. Matofali yalifuata baadaye.

Mariamman ni mungu wa kike ambaye Watamili wa kusini mwa India humwomba mvua na kinga dhidi ya ndui. Kwa kibarua aliyeshuka melini katika bandari yenye maradhi, bila mama wala shangazi wa kumuuguza, haja ya kuwa naye karibu inaeleweka vyema.

Mnara wa lango huitwa gopuramu. Wa kwanza ulijengwa 1903, na huu wa sasa ni wa 1925. Sanamu zake zimefinyangwa kwa lipu, na lipu haihimili sana jua na mvua za ikweta: hupasuka, hubanduka. Ndiyo maana kuna kumbabhishekamu, yaani kuliweka hekalu wakfu upya, takriban kila miaka 12. Sanamu hukarabatiwa na kupakwa rangi; kisha makuhani hupanda na vyungu vya maji yaliyoombewa, wakayamimina juu ya vilele vya mnara. Mara ya mwisho ilikuwa Februari 2023.

Tangu 1973 hekalu ni jengo la kumbukumbu la taifa. Sheria yataka umbo lisibadilike, nayo dini yataka lifanywe upya. Anayezipatanisha ni fundi wa sanamu kutoka Tamil Nadu, ajuaye kidole kilichovunjika kilikuwa kimekunjwa vipi. Kwa hiyo naona kwamba anayetaka kulihifadhi hekalu hili aanze kwa kugharimia mafunzo ya vijana wa kazi hiyo, ndipo ahesabu bei ya saruji na rangi.