Timu ndogo isiyodaiwa na mtu

Jumapili ya leo naomba tutoke kidogo madhabahuni twende uwanjani. Najua wapo watakaokunja uso, maana kwao mpira na ibada havikai meza moja. Niwaombe subira. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, alitumia wakimbiaji na mabondia wa viwanja vya Wagiriki kuwaeleza safari ya imani (1 Wakorintho 9:24-27). Kama Paulo hakuona haya kuwatumia wanamichezo, na sisi tusione.

Kaskazini mwa Hispania, katika nchi ya Wabaski, upo mji uitwao Eibar. Umejibana bondeni, milima huku na huku, na wakazi wake ni kama 27,000 tu. Ukiwachukua wote, wazee, watoto na wagonjwa, ukawaketisha kwenye uwanja wa Real Madrid, zaidi ya nusu ya viti vitabaki vitupu.

Kwa karne nyingi mji huo ulijulikana kwa kazi moja: kutengeneza silaha. Hata leo timu yao ya mpira ina jina la utani la Armeros, yaani mafundi wa silaha. Lakini katika karne ya 20 baadhi ya viwanda vyake vilibadili kazi. Kampuni ya Alfa, iliyoanza kwa bunduki, ikageukia cherehani. Orbea, nayo ya bunduki na bastola, ikageukia baiskeli, na hadi leo baiskeli zake zinakimbia katika mashindano makubwa duniani. Ukisoma Isaya 2:4, pale nabii anapoona silaha zikifuliwa upya ziwe zana za kulimia, utaelewa kwa nini habari hiyo ilinigusa.

Mwaka 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndege ziliupiga Eibar mabomu na sehemu kubwa ya mji ikabaki magofu. Miaka mitatu baadaye, 1940, watu wakiwa bado wanajenga upya nyumba zao, timu mbili za pale mjini ziliungana zikawa moja: Sociedad Deportiva Eibar. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa.

Kwa zaidi ya miaka 70 timu hiyo haikuwahi kuonja Ligi Kuu ya Hispania. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kuanzia 1988 hadi 2006 ilikaa daraja la pili misimu 18 mfululizo, jambo ambalo kwa mji wa ukubwa ule lilikuwa fahari tosha. Uwanja wao, Ipurua, ulichukua watazamaji wapatao 5,000, na wakazi wa maghorofa ya jirani waliweza kutazama mechi wakiwa barazani kwao. Mkopo walioupenda Eibar ulikuwa wa wachezaji: timu kubwa ziliwapa vijana wao wakakomae. Xabi Alonso alipita hapo, David Silva alipita hapo, na mwaka 2010 wote wawili walikuwa katika kikosi cha Hispania kilichotwaa Kombe la Dunia.

Kwa habari ya fedha, viongozi wa Eibar walishika kanuni ambayo bibi zetu waliijua bila kwenda shule: usitumie usichonacho. Kama fedha ilitosha kusajili mchezaji wa bei ndogo, walisajili wa bei ndogo. Hawakuwa na deni.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwaka 2013 walipanda kutoka daraja la tatu kwenda la pili. Msimu uliofuata, chini ya kocha Gaizka Garitano, walimaliza vinara wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mji ukalipuka kwa shangwe.

Shangwe hiyo ilikutana na karatasi. Sheria ya Hispania iliitaka klabu iwe na mtaji wa kiasi fulani, na kiasi hicho kilipigiwa hesabu kwa kuangalia matumizi ya timu za daraja lake, bila kujali kama klabu yenyewe inadaiwa au haidaiwi. Eibar waliambiwa waongeze mtaji wa zaidi ya euro milioni 1.7, na tarehe ya mwisho ilikuwa 6 Agosti 2014. Wakishindwa, hawatacheza Ligi Kuu. Tena wangerudishwa daraja la tatu.

Hebu simama hapo kidogo, ndugu yangu. Wakati huo zilikuwepo klabu kubwa za Hispania zenye madeni ya kutisha, na zilikuwa zikiendelea kucheza. Timu iliyolipa kila senti ndiyo iliyoambiwa kwamba ni maskini mno kukaa na wakubwa.

Pengine wewe unayesoma hapa unaijua hali hiyo kuliko mimi. Umelipa kodi yako, umekataa rushwa kazini, umewalipa wafanyakazi wako kwa wakati, halafu mlango unafungwa usoni pako huku yule mjanja akipita akipiga mluzi. Mtunga Zaburi ya 73 alilia kilio hicho hicho. Aliwatazama waovu wakinenepa, na miguu yake ikakaribia kuteleza. Biblia haikuficha kilio chake, kwa hiyo na wewe usione aibu kukipeleka mbele za Mungu.

Eibar walifanya nini? Njia ya mkato ilikuwapo: kutafuta tajiri mmoja aweke fedha zote mezani na timu iwe yake. Hawakuitaka. Waliamua kuuza hisa kwa watu wa kawaida, hisa moja kwa euro 50, na wakaweka kikomo kwamba mtu mmoja asinunue zaidi ya euro 100,000. Walitaka fedha, lakini hawakutaka bwana.

Kampeni ikatangazwa: Itetee Eibar. Wa mjini wakanunua. Kisha wakaanza kununua watu wa mbali, wa nchi nyingi za dunia, wengi wao wakiwa hawajawahi kuuona mlima hata mmoja wa Eibar. Xabi Alonso alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuiunga mkono. Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe ya mwisho ilipofika, fedha ilikuwa imekwisha kutimia.

Mpendwa, hapa niongee na makanisa yetu. Tunapojenga, mara nyingi tunapenda kumtafuta mfadhili mmoja. Tunampa kiti cha mbele, tunamkabidhi kipaza sauti, na siku akikasirika ujenzi unasimama na mchungaji anakosa usingizi. Bwana Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina akatazama watu wakitoa, na aliyemsifu alikuwa mjane mwenye senti mbili (Marko 12:41-44). Kanisa linalojengwa kwa mia mbili na mia tano za waumini wote huchelewa kuezekwa, lakini likiisha kuezekwa ni la wote. Mama muuza maandazi akiingia anajua tofali lake liko mahali fulani ukutani.

Turudi Ipurua. Agosti 2014 Eibar walicheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya jirani zao Real Sociedad, wakashinda 1-0. Nusu ya kwanza ya msimu walikusanya alama 27, wapenzi wa soka wakabaki midomo wazi. Nusu ya pili mambo yakageuka: alama nane tu. Siku ya mwisho, Mei 2015, waliifunga Córdoba 3-0, lakini haikusaidia. Timu tatu zilimaliza na alama 35 kila moja, na hesabu ya mechi walizokutana ikaiangusha Eibar. Wakashuka daraja, na kocha Garitano akaachia ngazi.

Siku chache baadaye habari nyingine ikatoka. Klabu ya Elche, ya mji mkubwa mara kadhaa kuliko Eibar, iliyomaliza nafasi ya 13 na uwanjani ikiwa salama kabisa, ilishushwa daraja kwa sababu ya madeni, yakiwemo ya kodi. Nafasi ikabaki wazi, nayo ikaenda kwa Eibar.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Elche walifungwa mezani, hawakufungwa uwanjani. Mithali 22:7 inatukumbusha kwamba anayekopa hujiweka chini ya mkono wa aliyemkopesha. Ni wangapi kati yetu wanaimba kwaya Jumapili na kuzima simu Jumatatu? Tumekopa kwa ajili ya sare ya harusi ya mtu ambaye hata hakutualika kwenye kikao. Tumechukua mikopo ile inayoitwa kausha damu ili jirani asijue kwamba mwezi huu mambo hayakwenda vizuri. Gari la mkopo, simu ya mkopo, na tabasamu la mkopo.

Sisemi kila mkopo ni dhambi. Mkulima akikopa mbegu na kulipa baada ya mavuno, huyo ana akili. Ninachosema ni kile alichosema Bwana katika Luka 14:28-30: kabla ya kujenga mnara, keti kwanza, upige hesabu. Watu wengi hatuketi. Tunaanza kujenga tukiwa tumesimama, kwa sababu kuna mtu anatutazama.

Na tusiwacheke Elche. Wapenzi wa timu ile, watoto waliovaa jezi zake, hawakukopa chochote. Deni la wakubwa wachache liliangukia vichwa vya wote. Baba wa familia, kumbuka hilo kabla hujaweka sahihi. Deni lako halikuangukii peke yako.

Eibar walikaa Ligi Kuu misimu saba. Novemba 2018 Real Madrid walikuja pale bondeni, wakafungwa 3-0. Tangu 2016 rais wa klabu alikuwa mwanamke, Amaia Gorostiza.

Ningeweza kuishia hapo, ungefunga gazeti ukiwa na furaha. Lakini nitakuwa nimekudanganya, na kuna mahubiri mengi mno ya namna hiyo siku hizi. Mwaka 2021 Eibar walimaliza wa mwisho wakashuka daraja. Msimu uliofuata walifika siku ya mwisho wakihitaji ushindi dhidi ya Alcorcón, timu iliyokuwa imekwisha kushuka, ili warudi juu. Walifungwa 1-0, bao la dakika za mwisho kabisa. Wakaingia kwenye mchujo, wakatolewa. Mwaka 2023 mchujo tena, wakatolewa. Mwaka 2024 mchujo tena, wakatolewa.

Je, uaminifu wao ulikwisha? La. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia kwamba ukiwa mwaminifu hutashuka daraja kamwe. Yusufu alikuwa mwaminifu na akaingia gerezani. Yeremia alisema kweli na akatupwa shimoni. Uaminifu si mashine unayoweka sarafu ikakutolea ushindi. Ni namna ya kuishi mbele za Mungu, juu au chini, kwenye ligi yoyote atakayokuruhusu kuchezea.

Lakini angalia tofauti moja. Timu yenye madeni ikishuka daraja huweza kufa kabisa, kwa kuwa ilishatumia mapato ya mwaka ambao haukufika. Timu isiyodaiwa ikishuka, kesho yake inafungua geti, inakata nyasi na kuanza mazoezi. Ndivyo Eibar walivyofanya. Hiyo ndiyo nyumba ya juu ya mwamba katika Mathayo 7:24-27. Mvua iliipiga kama ile nyingine, upepo ukaivumia kama ile nyingine. Tofauti ilionekana asubuhi, baada ya dhoruba.

Wiki hii, ndugu msomaji, nakuomba jambo dogo. Usiku mmoja, watoto wakishalala, kaa na mwenzi wako, au peke yako kama uko peke yako, na daftari na kalamu. Andika kila unachodaiwa na kila anayekudai, hata yule wa duka la mtaani unayempitia njia ya nyuma. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa huanza na kulitaja. Kisha yawekeni mbele za Bwana kwa majina yake. Yeye aliyemsikia mjane wa nabii aliyedaiwa hadi watoto wake kutaka kuchukuliwa watumwa (2 Wafalme 4:1-7) hakuziba masikio. Kumbuka tu kwamba mafuta yalipoongezeka, Elisha alimwagiza kwanza akalipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Na kama wewe ni yule mdogo asiyedaiwa, unayeambiwa kwamba hutoshi kukaa na wakubwa, usibadili njia. Zekaria 4:10 inatuonya tusiidharau siku ya mambo madogo. Mungu hajawahi kuidharau.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipotaka kuonekana wakubwa kwa fedha za wengine. Tupe ujasiri wa kuwa wadogo na wakweli. Wainue waliolemewa na madeni, uwape hekima, kazi na ndugu wa kuwashika mkono. Na siku tutakaposhuka, utukute bado tumesimama juu ya mwamba. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema.